Swichi ya Boya kwenye Tangi la Samaki: Jinsi ya Kuifunga Ijaze Maji Yenyewe Bila Kukupiga Shoti

Maswali ni yaleyale kila mara. "Nina boya la tangi la juu limebaki, naweza kulitumia kwenye tangi la samaki?" "Pampu yangu ni ya umeme wa ukutani, nikate waya mmoja nipitishe kwenye boya?" "Nikitia mkono majini nasikia kama sisimizi wananitambaa, ni kawaida?" Majibu kwa ufupi: hapana, hapana, na hapana kabisa. Kama swali lako ni hilo la tatu, chomoa plagi zote za tangi kwanza, halafu urudi kusoma.

Kinachotafutwa chenyewe, tangi lijijaze maji yanapopungua, ni kitu chema. Tangi la kioo la sentimita 100 kwa 40 likishuka sentimita 1 limepoteza lita 4. Kwenye joto la pwani, feni ikiwa inapuliza juu ya maji, sentimita hiyo haichukui muda. Chumvi haiondoki na mvuke, kwa hiyo mwenye samaki wa baharini anaona maji yanazidi kuwa makali siku hadi siku. Na hita ya kioo ikibaki nusu nje ya maji inaweza kupasuka. Hita iliyopasuka maana yake ni waya wa volti 230 uliolala ndani ya tangi.

Kwa hiyo jazia maji, lakini shika kanuni moja: umeme wa ukutani usiingie majini kwa ajili ya kazi hii, si kupitia boya wala kupitia pampu ya kujazia. Kila kitakachogusa maji hapa ni cha volti 12 DC.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Swichi ndogo za boya za plastiki, 2, zenye uzi na nati. Mbili, si moja. Sababu utaiona.
- Pampu ndogo ya kuzama ya volti 12 DC isiyo na brashi. Zile zilizoandikwa lita 240 kwa saa zinatosha. Zinakula takriban ampea 0.4.
- Adapta ya volti 12 DC, ampea 2, yenye alama ya mraba ndani ya mraba (maana yake ina kinga maradufu dhidi ya umeme wa ukutani).
- Relei ya gari (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ibebe umeme mkubwa) ya volti 12, ya miguu 4 au 5, pamoja na soketi yake yenye nyaya. Duka lolote la spea za magari wanazo.
- Diodi 1N4007 (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu).
- Fyuzi ya ampea 1 na kishikio chake cha kufunga kwenye waya.
- Kichwa cha skrubu cha adapta, vile vinavyotumika kwenye kamera za CCTV, chenye alama ya + na −.
- Waya wa milimita 0.5 za mraba, mwekundu mita 3 na mweusi mita 3.
- Risasi ya kuchomelea na mipira ya kusinyaa kwa moto.
- Boksi la plastiki lenye mfuniko, na kipande cha ubao cha kulifungia.
- Kipande cha bomba la PVC la inchi moja na nusu, sentimita 15.
- Mpira laini wa maji unaoingia kwenye mdomo wa pampu.
- Ndoo yenye mfuniko, ya maji ya kujazia; pampu itakaa humo. Ukubwa wake tutaupiga hesabu kwenye hatua ya 2, usinunue bado.
- Multimita ya kawaida.
- RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya milliampea 30. Hii si ya hiari.

Maboya mawili ambayo watu huyachanganya

Boya kubwa linaloning'inia kwenye waya mweusi mnene, lile la kuendesha pampu ya kisima, ndani lina swichi iliyotengenezwa kukata volti 230. Kazi yake kwenye tangi la juu linaifanya vizuri. Kwenye sampu ya samaki (tangi dogo la chini linalopokea na kuchuja maji ya tangi kuu) halina nafasi ya kuinama na kuinuka, na huo waya wake unaogusa maji unabeba umeme kamili wa ukutani. Ganda lake likichubuka kwenye ukingo wa kioo, maji yote yana umeme.

Boya dogo ni kitu kingine. Ndani ya kijiti cha katikati kuna kichupa cha kioo chembamba kuliko kijiti cha kiberiti, na ndani yake vipande viwili vya chuma vinavyokaribiana bila kugusana. Boya lenyewe limebeba sumaku. Sumaku ikifika usawa wa kichupa, vipande vinashikana, umeme unapita. Basi. Uwezo wake kwa kawaida ni wati 10 na ampea 0.5. Baadhi huandikwa hata volti 220, na hapo ndipo watu wanapoponzwa: wanasoma volti wanaacha wati. Pampu ya ukutani ya wati 15 tayari imezidi, na inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo. Cheche inapiga, vile vipande vinaungana kwa moto, na kuanzia hapo pampu haizimi tena mpaka ndoo ikauke au sebule ielee. Hata pampu ya volti 12 tusiipitishe humo moja kwa moja. Boya litaendesha koili ya relei tu (waya uliozungushwa unaoifanya ibofye), yenye takriban ampea 0.15, na relei ndiyo itakayobeba pampu.

Hatua kwa hatua

1. Anza na meni swichi, si na tangi. Fungua kifuniko utazame. Breka za ampea 10, 20 au 32 kazi yake ni kulinda nyaya zisiungue. Milliampea 50 zikipita kifuani mwa mtu zinaweza kuua, na breka ya ampea 20 haitatikisika. Kinachokata kwa kiwango hicho ni RCD. Utaitambua kwa kitufe cha T na maandishi ya 30 mA au 0.03 A. Ukikuta 100 au 300 mA, hiyo imewekwa kuzuia moto, haimlindi mtu.

Bonyeza T. Ikikata papo hapo, vizuri. Isipokata, hesabu kwamba huna RCD. Kama haipo kabisa, mwite fundi mwenye leseni (Tanzania leseni hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA) aweke moja kwa ajili ya soketi za tangi, au tumia ile ya kuchomeka ukutani ambayo vifaa vyote vya tangi vitapitia.

Mwambie apime na waya wa ardhi akiwa hapohapo. Kitufe cha T hakiupimi. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu lakini ule waya wa kijani na njano haujafika popote, au nguzo ya ardhi imechomekwa kwenye udongo uliokauka. Bila ardhi RCD bado inakata, ila inasubiri umeme upite kwenye mwili wako kwanza. Ikiwepo ardhi nzuri, kifaa chenye ganda la chuma kikivujisha kinakatwa kabla hujakigusa.

Ukitumia inveta au jenereta umeme unapokatika, mwambie fundi hilo pia. Nyingi ndogo haziunganishi nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ardhi, na kwa hali hiyo RCD inaweza isikate wakati inapotakiwa.

2. Piga hesabu ya ndoo. Hili ndilo linaloamua kama boya likikwama utapata usumbufu au maafa. Pima nafasi tupu kati ya usawa wa kawaida wa maji na ukingo. Tangi la sentimita 100 kwa 40 lenye nafasi ya sentimita 4 linapokea lita 16 kabla ya kumwagika. Ndoo yako basi iwe ya lita 10, si ya 20.

Kama una sampu, pima nafasi ya sampu, na upime wakati pampu kubwa (ile inayorudisha maji tangini) imezimwa, maana umeme ukikatika maji ya kwenye mabomba yanarudi chini na kula nafasi hiyo.

Usiunganishe na bomba la nyumba wala tangi la juu. Ndoo ya lita 10 ikikosea inakosea kwa lita 10. Tangi la lita 1,000 likikosea, litakosea kwa lita 1,000.

3. Funga ubao. Adapta, boksi la relei na viunganishi vyote vikae kwenye ubao ukutani, juu kuliko ukingo wa tangi na pembeni yake, umbali ambao maji yakiruka hayafiki. Si sakafuni, si ndani ya kabati la sampu, na wala si nyuma ya tangi pale chumvi inapopanda. Ukungu wa maji ya bahari huacha unga mweupe kwenye kila kitu. Unga huo ukinyonya unyevu unapitisha umeme, na ekstensheni iliyolala humo huanza kunuka plastiki iliyoungua kabla hujaona chochote.

Jambo lingine kuhusu adapta. Nyingi huja na pini mbili za duara, na soketi zetu za Kenya, Tanzania na Uganda ni za pini tatu bapa. Unajua kinachofanyika: kalamu kwenye tundu la juu, kifuniko cha ndani kinafunguka, pini mbili zinasukumwa kwa nguvu. Zinakaa zikicheza, zinapiga cheche kidogokidogo, soketi inapata moto na kugeuka rangi ya kahawia. Nunua kigeuzi chenye fyuzi au adapta yenye plagi yake sahihi.

4. Pima maboya ukiwa mezani. Weka multimita kwenye mlio (ile alama inayolia umeme ukiweza kupita). Boya likiwa chini lazima ilie. Ukiliinua lazima inyamaze. Likifanya kinyume, toa kile kipete mwishoni mwa kijiti, geuza boya juu chini, rudisha kipete. Mpangilio huu una maana: waya ukikatika au kiungo kikiachia, pampu itagoma kuwaka. Ukifunga kinyume, waya ukikatika pampu itawaka isizime.

Inua na kushusha mara 20. Likikosa hata mara moja, lirudishe dukani.

5. Unga relei. Namba zimechongwa chini, pembeni ya kila mguu. Fuata hivi, adapta ikiwa haijachomekwa:

- + ya adapta → fyuzi ya ampea 1 → hapo gawa njia mbili.
- Njia ya kwanza → mguu 30 wa relei.
- Njia ya pili → boya la chini → boya la juu → mguu 86.
- Mguu 85 → − ya adapta.
- Mguu 87 → waya mwekundu wa pampu.
- Waya mweusi wa pampu → − ya adapta.
- Mguu 87a, kama upo, ubaki mtupu. Kata waya wake mfupi, uuvike mpira.
- Diodi kati ya 86 na 85, upande wenye mstari wa fedha ukielekea 86.

Nyaya mbili za kila boya hazina chanya wala hasi, zigeuze upendavyo. Maboya yamefuatana njia moja makusudi: lolote kati ya hayo mawili likifunguka, koili inakosa umeme na pampu inazima. La chini linafanya kazi ya kila siku. La juu linangoja siku ambayo la chini litakwama.

Diodi inazima lile pigo la volti linalorudi koili inapokatiwa umeme, ambalo vinginevyo lingekwenda kuchoma kichupa cha boya. Ukiigeuza, fyuzi itaungua mara maboya yanaposhuka, au adapta itaanza kuwaka na kuzima. Baadhi ya relei huja na diodi ndani, na mchoro ubavuni utaionyesha. Hizo hazihitaji nyingine, ila 86 lazima iwe chanya.

6. Viungo. Chomelea kwa risasi, vika mpira, upashe moto mpaka ukaze. Tepu ya umeme peke yake karibu na maji ya chumvi huachia gundi ndani ya miezi michache na kufunguka kama ganda la ndizi. Kiungo chochote kisiwe ndani ya maji, hata kilichovikwa mpira. Kama waya wa boya ni mfupi, unga juu, nje ya tangi, mahali unapoweza kukiona.

7. Jaribu kwenye beseni. Pampu kwenye maji, maboya mkononi. Chomeka adapta.

Yote mawili chini: relei inabofya, pampu inawaka. Inua la chini: inazima. Sasa shusha la chini ulishikilie, kisha inua la juu: lazima izime pia. Jaribio hili la mwisho ndilo watu huruka, na ndilo linalothibitisha kwamba kinga yako ipo.

8. Weka maboya mahali pake. Mwenye sampu afunge kwenye chumba cha pampu ya kurudishia maji, maana huko ndiko maji yanayopungua huonekana. Vyumba vingine na tangi la samaki lenyewe hubaki usawa uleule. Asiye na sampu afunge kwenye kona tulivu, mbali na mdomo wa filta.

Boya la juu liwe sentimita 1.5 hadi 2 juu ya la chini. Yazungushie kipande cha PVC chenye matundu machache chini, na tundu moja juu kwa ajili ya hewa. Kinafanya kazi mbili. Mawimbi hayalitingishi boya, na konokono hawapandi. Konokono mmoja akitulia juu ya boya la chini anatosha kulizamisha, na pampu itajaza mpaka la juu liseme hapana.

9. Mpira wa maji na ndoo. Mdomo wa mpira uishie juu ya maji, sentimita 3 hadi 5 juu ya usawa wa juu kabisa. Ukizama, pampu ikizima maji ya tangi yanarudi ndooni kwa mvuto. Ndoo inajaa, tangi linapungua, boya linawasha pampu tena. Na maji ya ndoo yawe chini kuliko mdomo huo. Ndoo ikiwekwa juu ya kabati, maji yataendelea kushuka yenyewe hata umeme ukiwa umezimwa, na hakuna swichi itakayoyazuia.

Washa, zima, kaa utazame dakika 5. Matone machache ya mwanzo si neno. Yakiendelea, shusha ndoo.

Ndani ya ndoo ni maji matamu, hata kama samaki ni wa baharini. Ya bomba yaondolewe klorini kwanza.

10. Kila waya upate kitanzi. Waya unaotoka majini kwenda kwenye soketi au boksi ushuke kwanza chini ya usawa wa soketi, halafu upande. Tone la maji hufuata waya kama mchwa anavyofuata njia yake. Likifika kwenye tumbo la kitanzi linadondoka sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Fanya hivyo kwa kila waya wa tangi, hasa hita na pampu kubwa, maana hizo ndizo zenye volti 230.

11. Jaribio la ndoo. Zima kila kitu, acha maji ya mabomba yarudi kwenye sampu. Kisha mwaga ndoo nzima ya akiba ndani ya sampu au tangi kwa mkono, taratibu. Yakibaki ndani bila kumwagika, hesabu yako ni sahihi. Yakikaribia ukingo, punguza ndoo. Mwenye maji ya chumvi afanye jaribio hili siku ya kwanza kabla ya kuweka samaki, au atoe kiasi kilekile baadaye na kurekebisha chumvi.

12. Siku mbili za kwanza usisafiri. Bandika tepu kwenye kioo usawa wa maji na kwenye ndoo usawa wa maji, uangalie asubuhi na jioni. Ndoo ishuke, tangi libaki palepale.

Makosa yanayojirudia

Kuzima swichi ya soketi na kutia mkono. Mara nyingi swichi ile hukata waya mmoja tu. Kama fundi aliyefunga nyumba aligeuza laini na nyutro, na hutokea, waya wenye umeme bado umeungana na hita yako. Chomoa plagi, za vifaa vyote. Hita ichomolewe dakika 15 kabla ya kupunguza maji ili ipoe.

Kutumia saketi zisizo na transfoma. Kuna vibao vidogo vya bei rahisi vinavyoshusha volti 230 kwa kapasita peke yake. Ukipima utaona volti 12, lakini upande wake mmoja umeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani. Hivyo visikaribie maji. Ndiyo maana tumetaja ule mraba ndani ya mraba, na ndiyo maana adapta nyepesi mno isiyo na maandishi yoyote ni ya kuachwa dukani.

Kutegemea waya wa ardhi wa kutumbukiza majini bila RCD. Waya huo una faida palipo na RCD, maana unafanya ikate mapema. Bila RCD unatengeneza njia ya kudumu ya umeme kupita ndani ya maji.

Na hili la mwisho: kuondoa RCD kwa sababu "inakatakata". Inakata kwa sababu kuna kitu kinavuja. Kitafute.

Matunzo

Kila mwezi bonyeza T ya RCD, na siku hiyohiyo inua maboya kwa kidole kuona kama pampu inazima. Kila baada ya miezi miwili au mitatu, toa maboya uyaloweke kwenye siki dakika 30, sugua kwa mswaki laini, suuza. Chokaa na chumvi hujenga pete nyembamba kwenye kijiti ambayo jicho halioni ila boya linakwama hapo. Futa unga wa chumvi kwenye nyaya kwa kitambaa chenye maji matamu, plagi zikiwa nje. Hita ya kioo yenye ufa au ukungu wa maji ndani haitengenezwi, inatupwa.

Mambo yakienda mrama

*Pampu haiwaki, boya liko chini.* Anza na fyuzi, kisha volti 12 kwenye kichwa cha skrubu. Zikiwepo, inua na kushusha maboya usikilize relei. Ikibofya, tatizo liko kwenye pampu au mguu 87. Geuza macho kwenye rangi za waya wa pampu, nyekundu ndiyo chanya. Isipobofya, chomoa adapta, pima maboya kwa mlio. Mara nyingi ni la juu lililokwama juu.

*Pampu haizimi.* Chomoa adapta. Inua maboya yote kwa mkono na upime kwa mlio: boya lisilonyamaza, kichupa chake kimeungana. Badilisha. Usiligongegonge likaachia ukaendelea kulitumia, litarudia. Kama maboya yote mawili ni mazima, relei ndiyo iliyoganda.

*Relei inabofya mfululizo kama saa mbovu.* Mawimbi. Boya liko kwenye mkondo, au kile kipande cha PVC kina matundu mengi mno. Hamisha au ziba baadhi. Ikiachwa hivyo inamaliza relei na boya.

*Pampu inavuma lakini maji hayaji.* Ndoo imekauka au mpira umekunjika. Pampu hizi zikizunguka kavu kwa saa kadhaa huharibika, kwa hiyo jaza ndoo kabla haijafika chini ya robo.

*RCD inakata.* Chomoa vifaa vyote vya tangi, rudisha RCD, kisha chomeka kimoja kimoja. Kitakachoikata ndicho kibovu. Hita huongoza, ikifuatwa na pampu kubwa ya zamani. Hita wakati mwingine huvuja ikiwa inapasha tu, kwa hiyo subiri taa yake iwake kabla ya kuitoa lawamani. Ikikata hata vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, tatizo liko kwenye nyaya za nyumba, mwite fundi.

*Maji yanawasha mkono.* Usirudie kugusa ili kuhakikisha. Chomoa vyote kwa mikono mikavu, kandambili za mpira miguuni. Kisha chomeka vifaa bila kutia mkono, weka multimita kwenye volti za AC, ncha moja majini na nyingine kwenye tundu la juu la soketi, lile la ardhi, wala si lingine. Chomoa kifaa kimoja kimoja ukitazama namba. Volti 20 au 40 zinazopungua kidogokidogo kwa kila kifaa zinaweza kuwa ni umeme wa kuambukizwa tu na nyaya za jirani, usio na nguvu, na multimita za kisasa huuonyesha. Zikiporomoka ghafla kwa kuchomoa kifaa kimoja, hicho usikirudishe majini. Kama una shaka, unga rezista ya kilo-omu 100 kati ya ncha mbili za multimita: umeme usio na nguvu utaanguka karibu na sifuri, uvujaji wa kweli utabaki.

*Maji yamemwagika kwenye ekstensheni.* Usiiguse wala kukanyaga maji kuifuata. Zima meni swichi, ndipo uchomoe. Ekstensheni iliyoingia maji ya chumvi haikaushwi juani na kurudishwa kazini, kutu inaendelea ndani.

*Mtu amenaswa na umeme.* Usimshike. Meni swichi kwanza. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua huku mwingine akipiga simu kuomba msaada. Aliyepigwa akasimama na kusema yuko sawa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana moyo unaweza kuyumba baadaye.